Fundi Aliyeuliza Nyumba ni ya Nani

Kama unatafuta kisa cha kukuletea usingizi, mwenzangu, hiki kiache. Mimi sina akili ya kutunga. Nilimaliza shule ya msingi, nikaongeza miaka miwili ya kujifunza kulehemu, kisha kampuni ya madini ikanichukua. Ninachoweza ni kuandika kila siku katika kaye yangu, daftari la kawaida la shule, mambo yaliyotokea: mvua, homa ya mtoto, nani alikuja, nani alikufa. Haya ninayokuambia yamo humo, yameandikwa siku ileile yalipotokea. Pale ambapo sikuona kwa macho yangu, nitakuambia kwamba sikuona. Sikuombi uniamini yote. Niamini tu kwamba sidanganyi. Mengine utapima mwenyewe.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Kikula, hapa Likasi, Katanga, na haikuwa yangu. Nianzie hapo, maana ndipo kosa lilipo.

Ilikuwa ya Baba Ngalula. Aliijenga kwa mikono yake miaka kampuni ilipokuwa bado inalipa watu. Matofali aliyachoma mwenyewe, akalala kando ya tanuru siku tatu asiibiwe kuni. Mimi nilikuwa mpangaji wake, chumba kimoja cha uani kilichotangulia kujengwa, pamoja na mke wangu na watoto watatu. Nyumba ilipokwisha alichukua chokaa, akatia ile buluu ya kufulia mashati meupe, vipande vidogo ambavyo akina mama wananunua sokoni, akatia chumvi, akatia na kitu kingine ambacho hakuniambia. Ikatoka buluu ambayo sijaiona mahali pengine. Haikufanana na mbingu wala na sare ya shule. Tangu hapo mtu akipotea kwenye avenyu yetu alikuwa anaambiwa: fika nyumba ya buluu, halafu hesabu milango.

Siku ya kupaka alimwita fundi, na ndipo nilipoiona desturi ya mafundi wa rangi wa huku kwetu. Fundi haanzi kazi mpaka mwenye nyumba apake mstari wa kwanza kwa mkono wake, juu ya mlango. Sijui ilitoka wapi. Wengine wanasema ni ili rangi ikibanduka kesho mtu asiseme fundi amemroga. Wengine wanasema ukuta unatakiwa ujue mkono wa mwenyewe. Baba Ngalula alipanda ngazi, mimi nikaishika chini. Akapaka mstari wake, akashuka anacheka, matone ya buluu kwenye kipara.

"Sasa ikianguka," akasema, "njo minye nilikosa, haina kosa ya fundi. Na weye uliyeshika ngazi, nusu ya kosa iko yako."

Tulicheka sana siku hiyo.

Halafu ikaja miaka ile. Kama ulikuwa Katanga unaijua. Kama hukuwako, sina maneno ya kukueleza vizuri. Kampuni ilikuwa inakufa, mishahara ilikuwa jina tu, na watu wenye njaa walitafutiwa mtu wa kulaumu. Watu wa Kasai wakaambiwa warudi kwao. Baba Ngalula alizaliwa hapahapa Likasi. Baba yake ndiye aliyekuja kutoka Kasai akiwa kijana. Aliniuliza jioni moja, tumekaa kwenye ngazi ya mlango: "Kwetu ni wapi? Banisaidie kuniambia, nitafute njia yake." Vijana walipita wakiimba nyimbo za kuwafukuza. Mimi sikuimba. Sikumgusa mtu, sikuchukua hata kijiko cha mtu. Lakini pia sikusema neno. Nilisimama mlangoni, mikono mfukoni. Nimeandika hivyo katika kaye, na ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi aliyoondoka kwenda gare, kule watu walikokuwa wanalala chini wiki baada ya wiki wakisubiri treni, mke wake na watoto walitangulia na vyungu. Yeye alibaki nyuma. Alikuwa na mkeka umeviringishwa kwapani. Viatu vyake vya ngozi, vya kahawia, vile vya kanisani, alikuwa amevifunga kamba kwa kamba na kuvining'iniza shingoni. Alikuwa peku.

"Baba Ngalula, juu ya nini huvivale?"

"Njia iko mulefu, itavimaliza. Nitavivala siku nitarudia hapa." Akanipa ufunguo. Akaushikilia kidogo, hakuuachia mara moja. "Sikupatie nyumba. Nakushikisha tu. Siku nitapiga hodi utanifungulia."

Nikasema ndiyo.

Sasa nisikilize, maana hapa nataka kuwa wa haki kwangu na kwake. Nyumba zilizobaki wazi zilikuwa zinavunjwa. Wiki ya kwanza nilitandika mkeka wangu sebuleni ili ionekane kuna mtu. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, chumba chetu cha uani kikavuja, watoto wakahamia ndani. Halafu kitanda chetu kikaingia. Halafu mke wangu akatundika pazia lake. Hakuna siku moja ambayo ningeweza kukuonyesha na kusema, siku hii nilimwibia. Nilimwandikia barua mara moja, nikampa mtu aliyesema anakwenda kule. Haikujibiwa. Ningeweza kuandika mara ya pili. Sikuandika.

Miaka ikapita. Mambo yakatulia kidogo, na tukaanza kusikia kwamba kuna watu wanarudi. Mmoja alirudi avenyu ya tatu, akasimama mbele ya nyumba yake na majirani wote wakimtambua, na aliyekuwa ndani akatoka na magodoro yake bila ubishi. Usiku huo mke wangu hakulala. Asubuhi akaniambia, anafua nguo bila kunitazama:

"Baba ya batoto, hii nyumba inatusema."

"Inasema nini?"

"Kila muntu anapita anasema nyumba ya buluu, nyumba ya Baba Ngalula. Ikikala buluu, hata tukufe humu, tutakufa wapangaji. Uite fundi. Apake rangi ingine, inje na ndani."

"Na akirudia?"

"Alirudia?" Akakamua nguo. "Batoto yako batalala wapi, weye uniambie. Uani paliangukaka."

Ni kweli, kile chumba cha uani paa lake lilikuwa limeanguka. Simlaumu mke wangu. Alikuwa na watoto watatu na mume asiye na mshahara. Ningetaka wewe pia usimlaumu.

Basi nikabadilisha baiskeli yangu kwa ndoo mbili kubwa za rangi ya krimu, nikaenda soko la Kikula, mahali mafundi wa rangi wanapokaa na brosi zao zimesimama kwenye makopo matupu ili ujue kazi yao. Nikapatana na fundi Kasongo, mtu mfupi, mcheshi, anayejulikana. Angekuja Jumatatu, siku mbili za kazi, ujira wake gunia la unga.

Jumatatu, jua halijapanda vizuri, nikasikia hodi. Hakuwa Kasongo. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa umri ambao sikuweza kuukadiria, na brosi mbili mkononi.

"Fundi Kasongo iko mugonjwa," akasema. "Njo nimekuya."

Nilimkaribisha. Unafikiri ningefanya nini? Mafundi wanasaidiana kila siku. Sikuona cha ajabu kwake, ila mambo mawili, na nimeyaandika: nguo zake hazikuwa na tone moja la rangi, hata la zamani, na miguu yake ilikuwa na vumbi jeusi. Kiangazi hapa vumbi letu ni jekundu, linapaka mpaka mkate. Vumbi jeusi namna ile huwa katikati ya reli.

Alifanya kazi kama fundi wa kweli. Alikwangua ukuta wa mbele kwa kipande cha msumeno, akauosha, akachuja rangi kwa kitambaa ili kuondoa madonge. Halafu akaegemeza ngazi mlangoni, akaninyooshea brosi.

"Baba, kuya upake ya kwanza."

"Paka tu weye, fundi. Ile ni mambo ya kala."

"Minye sipakake nyumba ya muntu sijaona mukono wake." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayekuambia bei. "Na mbele ya ile uniambie: nyumba ni ya nani?"

"Ni ya hapa," nikasema. "Tunaikalamo myaka mingi."

"Sikuulize nani analalamo. Hata mende inalalamo. Nauliza mwenye nyumba."

Mke wangu alikuwa nyuma anatwanga mihogo. Nikasikia mchi umesimama. Mbele yangu brosi ilikuwa inadondoka krimu kwenye vumbi, tone, tone. Ningeweza kusema: ni ya Baba Ngalula, mimi nimeshikishwa tu. Ni maneno machache. Fundi angekwenda zake au angepaka, sijui, lakini leo nisingekuwa ninaandika haya. Nilifikiria paa la uani.

"Ni minye," nikasema.

Akanipa brosi. Nikapanda. Ngazi ikayumba, nikamwambia, "Fundi, nishikie."

"Ile mara ingine nani alishikaka?"

Nilifikiri anauliza tu, kama watu wanavyouliza. Nikapaka mstari juu ya mlango, urefu wa mkono, haukunyooka. Niliposhuka alikuwa anautazama.

"Sawa," akasema. "Umesema weye mwenyewe."

Siku ile alimaliza nje. Adhuhuri mke wangu alimtolea bukari, ule ugali wetu, na samaki wadogo wa ziwa la Tshangalele, na samaki wakati ule hawakuwa mchezo. Akashukuru, akasema atakula kwao.

"Kwenu ni wapi, fundi?" mke wangu akamuuliza kwa wema.

"Minye pia niko naulizaka," akajibu.

Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya ninatafuta nyundo.

Siku ya pili alipaka ndani: dari kwanza, halafu kuta. Nilikuwa ninabeba maji ya kusafishia brosi. Mara ya kwanza nilipomwaga beseni sikuangalia. Mara ya pili niliangalia. Ukuta ulikuwa krimu, ndoo ilikuwa krimu, brosi ilikuwa krimu mpaka kwenye mpini. Maji yalikuwa buluu. Buluu ile.

Nikamwonyesha. Akatazama bila kushangaa.

"Ni ile ya zamani inatoka," akasema.

Inawezekana. Chokaa ya zamani ikiloweshwa inaachia rangi, mimi si fundi wa kubisha. Lakini nilimwaga mabeseni saba, na uani pakawa buluu mpaka kwenye mizizi ya mipapai, na ukuta mmoja hauwezi kuwa na buluu nyingi namna ile.

Jua lilikuwa bado liko juu alipomaliza. Alitoka mpaka barabarani, akaigeukia nyumba, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma. Mimi nikasimama karibu naye. Nyumba ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilikuwa kama nyumba nyingine yoyote.

"Sasa hakuna muntu ataijua," akasema.

"Ni kazi ya muzuri, fundi. Aksanti."

"Na yeye akirudia, ataulizia nini?"

"Nani?" nikasema. Nilijua nani.

Alichukua brosi zake akaondoka, na gunia lake la unga likabaki limesimama pale mlangoni. Sikumwona akitoweka, usinisingizie hilo. Aligeuka kona kama mtu yeyote. Mama Chantal, ambaye anauza makaa pale konani na alihamia kwetu mwaka ule tu, anaapa hakuna mtu mrefu aliyepita mbele yake saa ile. Lakini Mama Chantal husinzia mchana, na hilo pia lazima niliseme.

Jumatano asubuhi hodi tena. Fundi Kasongo, macho ya manjano, kajifunga shuka.

"Jirani, unisamehe, malaria ilinitupa chini tangu siku ya Mungu, ile Jumapili. Sasa nime…" Akaangalia kuta. "Nani alikufanyia?"

"Muntu uliyemutuma."

"Sikutume muntu. Ningetuma nani? Minye mwenyewe sikujua jina yangu." Akazunguka nyumba yote, akapapasa, akasifu. Aliporudi mbele akainua macho juu ya mlango. "Na hii ulipaka lini?"

"Jumatatu. Ile ya kwanza."

Alipanda kwenye kiti, akagusa mstari wangu, akashuka na kidole kimejaa krimu. Ukuta wote ulikuwa umekauka. Mstari ule ulikuwa mbichi kana kwamba nimetoka kuupaka dakika ile.

Tulitafuta sababu, kwa haki kabisa. Kasongo alisema labda mafuta mabaya. Tukachota rangi iliyobaki kwenye ndoo hiyohiyo, tukapaka mlango wa choo. Jioni ulikuwa umekauka. Alisema labda paa linatoa unyevu, lakini hiyo ilikuwa katikati ya kiangazi. Akaufuta kwa kitambaa na petroli. Kitambaa kikajaa krimu, mstari ukabaki vilevile. Kasongo akakunja kitambaa taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Alikuuliza nyumba ni ya nani?"

"Aliniuliza."

"Na ulijibu nini?"

Nikageukia ule mstari. Kasongo akachukua kiti, akakirudisha ndani mahali pake, akaniaga. Nilitaka kumpa lile gunia la unga. Hakulitaka.

Mke wangu aliita wenzake wa kikundi cha maombi. Waliomba siku tatu, waliimba mpaka sauti zikakauka. Ninawashukuru, walikuja kwa moyo. Mstari haukukauka.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja mchana narudi kutoka kutafuta kazi, Mama Chantal akanisimamisha konani.

"Jirani, kuna papa mumoja, baba mugeni, alipita hapa. Anatafuta nyumba ya buluu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuonyesha. Nikasema, ni ile kule, balipakaka rangi ingine. Akaangalia. Aliangalia sana. Akasema, apana mama, siyo ile, ile haina yenyewe. Akaenda." Alianza kucheka, maana ni mtu wa kucheka. "Muntu wa ajabu. Iko na viatu ya muzuri, ya kahawia, anaivala ku shingo. Nikamuuliza, papa, viatu ni ya kuvala ao ya kuuza? Akasema, nitavala siku nitafika."

Nimekuambia kwamba Mama Chantal alihamia kwetu mwaka ule. Hakuwahi kumwona Baba Ngalula, na mimi sikuwahi kumsimulia mtu habari ya viatu, hata mke wangu. Nilikimbia. Nilikimbia mpaka sokoni, nikarudi, nikashuka mpaka relini. Watu walifikiri nimeibiwa.

Usiku ule nilifurahi, unajua? Nilijiambia, basi yu hai, amerudi, kesho atapita tena, nitampa ufunguo wake, nitaomba msamaha, yatakwisha. Kesho yake nikaenda kwa yule bwana aliyerudi avenyu ya tatu, kumuuliza kama amemwona.

Alinikaribisha vizuri. Alikuwa amepanda treni moja na Baba Ngalula, behewa moja, mwaka uleule. Akaniambia kwamba Baba Ngalula hakufika. Alikufa kwa kuhara njiani, treni imesimama porini, kabla hata ya kufika Kamina. Wakamfukia kando ya reli kwa bakuli na mikono. Mke wake akashuka na watoto mbele huko, na tangu hapo hakuna anayejua walipo.

"Viatu yake," nikamuuliza. "Balimuvalisha?"

Akafikiri. "Apana. Mama ya batoto yake alisema bamuachie vile, ku shingo. Bwana yake alikuwa anasema ni ya kurudilia."

Sikulia pale. Nilikuja kulia nyumbani, chini ya ule mstari, na mke wangu akadhani nimepata habari za ndugu yangu. Sikumkosoa.

Nilimwambia yote baadaye. Nikamwambia nataka kuirudisha buluu. Akaniuliza, "Umurudishie nani? Alikufaka." Nikasema, kwa hiyo hajui kwamba alikufa. Anatembea anauliza. Alinitazama kama ninavyojitazama mwenyewe siku nyingine kwenye kioo, kutafuta kama nina akili. Wiki ile aliwachukua watoto akaenda kwa dada yake kule Tshangalele, ambako angalau kuna samaki. Simlaumu. Alinifulia nguo zote kabla ya kuondoka.

Basi nikanunua chokaa, nikanunua buluu ya kufulia, nikatia chumvi. Nikapaka mwenyewe. Ilitoka buluu, lakini si ile. Nikaongeza, ikawa nyeusi. Nikapunguza, ikawa kama maziwa. Nilijaribu majivu, nilijaribu utomvu wa mpapai, nilijaribu maji ya mihogo. Kile kitu kingine alichotia siku ile sikijui, na aliyekijua yuko kando ya reli. Nilishika ngazi, sikuuliza. Kila mvua zikija zinaosha buluu yangu, krimu inatokea chini, nzuri, imara, kama siku ya kwanza. Kila kiangazi ninaanza upya.

Na yeye anapita. Wameshaniambia watu sita au saba, wengine wageni kabisa. Daima mchana, daima wakati sipo au nimeingia ndani kidogo. Wanamwonyesha. Anatazama. Anasema siyo.

Mara moja tu nilikuwepo. Nilikuwa juu ya ngazi, nimeupa mgongo barabara, ninapaka karibu na dirisha. Nikasikia nyuma yangu:

"Hodi, papa. Nyumba ya buluu iko wapi?"

Ilikuwa sauti yake. Wewe unaweza kukosea sauti ya mtu uliyekaa uani kwake miaka tisa? Sikuweza kugeuka mara moja, ngazi ilikuwa haina wa kuishika. Nikasema nikiwa nimeukumbatia ukuta: "Ni hii, Baba Ngalula. Ni hii. Ufunguo iko hapa."

Nikajua anaitazama. Anatazama kuta, anatazama mlango, anatazama pale juu penye mstari wangu. Halafu akasema kwa upole uleule, kama mtu anayeogopa kukusumbua kazini:

"Apana, papa. Ile haina yenyewe. Aksanti."

Aliniita papa, kama mtu asiyenijua. Niliruka chini, nikaumia kifundo. Nikamwona mgongo tu: mkeka kwapani, nyayo zina vumbi jeusi, na kila hatua kiatu kimoja kinagonga kingine kifuani, sauti ndogo. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la binti yake, nikamwita mwenye nyumba. Hakugeuka. Kwani ni nani anayegeuka akiitwa na mtu asiyemjua, mbele ya nyumba isiyo yake? Aligeuka kona. Mama Chantal alikuwa macho siku hiyo. Alimpa njia apite.

Sasa ninakaa uani tena. Niliezeka kile chumba kwa mabati mabovu, kinavuja, kinanitosha. Nyumba kubwa iko tupu na safi, ninafagia kila asubuhi. Mstari juu ya mlango bado ni mbichi. Usifikiri ninaongeza chumvi. Njoo utie kidole. Nimejiuliza mara nyingi kama yule fundi alitumwa kunifanyia ubaya. Kwa haki siwezi kusema hivyo. Aliniuliza swali moja tu, akanipa nafasi ya kulijibu.

Kwa hiyo ninakuonya, wewe unayetaka kupaka nyumba yako. Tafuta fundi unayemjua sura. Akija mwingine, mwangalie miguu. Na akikuuliza mwenye nyumba ni nani, mwambie kweli kabla hujashika brosi, hata kama kweli hiyo itakulaza nje na watoto.

Na kama ukipita Kikula ukakutana na mtu mwenye mkeka, viatu shingoni, anaulizia nyumba ya buluu, ninakuomba usimwonyeshe kwa kidole. Wote walimwonyesha kwa kidole. Mshike mkono. Mlete mpaka kwenye ukuta, umwekee kiganja pale kwenye matofali aliyoyachoma mwenyewe, labda mkono utakumbuka pale macho yalipokataa. Halafu nipigie kelele, mimi niko uani. Ufunguo ninao shingoni.